Ngoma Isiyo na Rafu

Jumanne, 4 Juni 2024. Tabora

Shule zimefungwa, kwa hiyo leo nimeshinda Maktaba ya Mkoa. Kazi yenyewe ilionekana ndogo: kundi la manyanga la babu linaandaa makaratasi ya usajili na wanataka kuambatanisha historia ya ngoma yao, ukurasa mmoja. "Wewe si ndiye mwalimu wa historia? Tuandikie." Babu akishasema hivyo, mjadala umefungwa.

Chumba cha kusomea kilijaa watoto wa kidato cha nne na mitihani yao ya miaka ya nyuma. Nimepekua 793, ambako mpango wa Dewey huweka dansi, nikaenda 781, muziki, nikapita 792, tamthilia. Cha Unyamwezi sikupata. Mkutubi, kijana mpole, akaniona nazunguka, akauliza natafuta nini hasa. Nikamweleza. Akatikisa kichwa. "Mwalimu, ngoma usizitafute kwenye ngoma. Nenda 967.8, historia ya Tanzania. Ukikosa, 390, mila na desturi. Ukikosa tena, 299, dini za asili." Akashusha sauti kidogo. "Na 133." Hiyo ni ya uchawi na mizimu.

Nadhani kijana huyu amenifupishia utafiti mzima. Ngoma zetu zimeandikwa, tena sana, ila karibu kila aliyeziandika alikuwa ametoka kwao kutafuta jambo lingine: njia ya kwenda ziwani, dawa ya nyoka, roho za kufukuza, kodi ya kukusanya. Basi nitasoma kwa kuchungulia, nikipitia milango ya wenyewe.

Alhamisi, 6 Juni

Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimemsoma Burton, yule msafiri Mwingereza, kwenye simu mpaka chaji ikaisha. The Lake Regions of Central Africa, kitabu cha 1860, kipo mtandaoni bure, juzuu zote mbili.

Aliingia Kazeh, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu aondoke pwani, baada ya mwendo anaoukadiria kuwa si chini ya maili 600. Mimi natafuta pale anapoeleza jinsi msafara unavyopangwa, na hapo kwa kweli hakulala. Mbele kabisa ni kirangozi, joho jekundu mwilini, ngozi ya mbega, kichwani manyoya ya bundi au ya korongo. Bendera nyekundu ya Zanzibar iko naye, na mpiga ngoma yuko karibu. Nyuma yao wapagazi wa pembe za ndovu, wakubwa wa msafara, na kengele zimefungwa kwenye pembe zenyewe. Njiani watu wanaimba, wanapiga miluzi na baragumu, wanaiga sauti za ndege na wanyama. Jioni kambini, baada ya mwendo wote ule, wanacheza.

Ukiisoma kwa macho ya mtu wa ngoma, hii ni ngoma nzima inayotembea. Kuna wa mbele mwenye vazi lake, kuna mpigaji, kuna kengele, kuna waitikiaji, na uwanja wake unaanzia Bagamoyo unaishia Ujiji. Burton aliona fujo. Jicho analo, sikio hana: mavazi anayahesabu hadi unyoya, mdundo anauita kelele na kuendelea na safari yake.

Jumamosi, 8 Juni

Ng'ambo kwa babu, chini ya mwembe. Nimemkuta anakagua manyanga. Huyatoa kwenye kipande cha kanga alichokifunga kwa uzi, moja baada ya jingine, analitikisa karibu na sikio, anasubiri, analitikisa tena. Alikuwa akisikiliza kama mbegu za ndani zimeliwa na wadudu. La kushoto likapita. La kulia akaliweka kando bila kusema kitu, kisha akachukua kisu na kuanza kulegeza mpini kwenye shingo ya kibuyu, taratibu, kwani kibuyu kikipasuka ni kutafuta kingine na kukizoesha upya. Akamwaga mbegu kiganjani: nyeusi, ndogo, baadhi zina tundu. Akazipuliza, zilizokuwa tupu zikaruka. "Zikiwa nyepesi zinazungumza kabla yako," alisema. "Mchezaji anatakiwa azungumze yeye kwanza."

Hili sijaliona katika kitabu chochote.

Nimemsomea kirangozi wa Burton, nikimtafsiria. Manyoya ya bundi yamemchekesha. Kisha akauliza jina lake nani. Nikamwambia hapo Burton hasemi habari za mtu fulani, anaeleza kirangozi wa msafara wowote. Babu akarudisha mbegu kwenye kibuyu. "Basi hakumwona."

Jumatano, 12 Juni

Tangu jana nimekutana na mwaka 1909 mara mbili.

Mara ya kwanza ni kwa Hornbostel. Katika jarida la Anthropos la mwaka huo ana makala ndefu kuhusu nyimbo za Wanyamwezi, Wanyamwezi-Gesänge, na ndani yake nyimbo zimeandikwa kwa noti za muziki za Kizungu. Unyamwezi hakuukanyaga. Alikuwa Berlin, kwenye hifadhi ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900, akisikiliza silinda za nta zilizoletwa kutoka makoloni na kuhamishia karatasini kile alichokisikia. Hifadhi ile ipo hadi leo, na UNESCO imeiingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia tangu 1999.

Na hapo kuna Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig, aliyezunguka kusini mwaka 1906: Lindi, Masasi, Newala, uwanda wa Makonde. Alikwenda na fonografu. Alikuwa akiwafuata Wayao na Wamakonde, lakini wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, na wapagazi wakaimba. Katika kitabu chake cha 1908 yumo Pesa Mbili, mkubwa mmoja wa wapagazi hao, mtu wa maneno na nyimbo. Kwa hiyo sauti ya Unyamwezi ilinaswa mbali na kwao, tena na mtu aliyekuwa akingojea sauti nyingine. Ila angalau huyu ana jina, hata kama ni jina la utani la safarini. Babu atafurahi.

Mara ya pili ni Japani. Yule mwalimu wa kujitolea aliyefundisha hesabu shuleni kwetu alipoondoka aliacha boksi la vitabu, na kimojawapo kinahusu Noh, mchezo wao wa kale wa vinyago, ngoma na mwendo wa polepole. Nilikuwa nakitumia kuzuia dirisha. Jana usiku nilikisoma. Bingwa wao Zeami, aliyefariki 1443, alikuwa mchezaji mwenyewe, mtoto wa mchezaji. Akaandika risala za kufundishia fani yake. Ile mashuhuri zaidi, Fūshikaden, inaanza na mafunzo ya mtoto wa miaka saba na kupanda umri kwa umri hadi mchezaji aliyepita hamsini: nini umfundishe sasa, nini umwache afanye apendavyo, sauti inapovunjika umfanyeje, uzee ukiingia apunguze nini. Maandishi hayo yalikuwa siri ya ukoo. Yalifungiwa, yakanakiliwa na kurithishwa, na watu wa nje hawakuyajua hadi mwanahistoria Yoshida Tōgo alipoyachapisha. Mwaka 1909.

Sikulala mapema. Mwaka uleule, siri ya wachezaji wa Japani inafunguliwa katika maneno ya mchezaji mwenyewe, na nyimbo za wapagazi wetu zinachapishwa Ulaya katika maneno ya msikilizaji ambaye hakuwahi kuwaona. Ninachowaonea wivu Wajapani ni kalamu kuwa mkononi mwa mchezaji. Wingi wa vitabu vyao haunisumbui.

(Chuo Kikuu cha Waseda, Tokyo, kina makumbusho ya tamthilia tangu 1928, kwa heshima ya Tsubouchi Shōyō, aliyemtafsiri Shakespeare mzima kwa Kijapani. Jengo limeigizia ukumbi wa London wa zama za Shakespeare, na ndani yake wamekusanya Noh, Kabuki na vikaragosi vyao. Na sisi tuna mtafsiri wa Shakespeare aliyesoma hapahapa Tabora Boys, Mwalimu Nyerere, wa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Yeye huyohuyo mwaka 1962 aliunda wizara nzima kwa ajili ya utamaduni. Jengo la ngoma hapa Tabora bado.)

Jumapili, 16 Juni

Kesho Idi. Mji umechangamka, mbuzi wanalia kila kona.

Nilimwomba mwalimu wa kwaya asome noti za Hornbostel. Yeye ni mtu wa sol-fa, noti za mistari mitano humpa taabu, lakini alikaa nazo siku kadhaa na leo baada ya ibada akaleta kinanda chake uani kwa babu. Akapiga. Safi kabisa, kila sauti mahali pake. Babu alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akasema, "Huyu anaimba amekaa."

Mwalimu akapiga kwa kasi zaidi. "Bado amekaa."

Ikawa kimya cha kuudhi kidogo. Babu akanyanyuka, akachukua kreti ya soda yenye chupa tupu na kumbandika begani mvulana mmoja wa kwaya, akamwambia tembea hadi kwenye lango na urudi, huku unaimba ule mstari. Mvulana akaenda akicheka. Alipogeuka alikuwa hacheki tena, na mstari ulikuwa umekatika vipande vifupi, kwa sababu mwenye mzigo begani hana pumzi ya kanisani. Na kila alipokatika, babu aliingia na kiitikio, chini, kwa sauti moja tu, bila maneno. Mwalimu wa kwaya akarudi haraka kwenye karatasi. Zile alama za kunyamaza alizokuwa akizipita kwa heshima tu, sasa akaanza kuzihesabu kwa hatua za mguu.

Babu hasemi kwamba anaujua wimbo ule. Anasema anaujua mwendo. Nimemuuliza mara tatu kwa njia tofauti, na jibu ni lilelile, kwa hiyo ndivyo nitakavyoandika: wimbo haujui, mwendo anaujua. Nilipomwambia kuhusu Pesa Mbili akataka kujua alikuwa wa wapi, Urambo au Unyanyembe. Nimebaki na swali hilo.

Jumatano, 19 Juni. Ndani ya basi

Tumeondoka alfajiri. Naandika gari likisimama, maana likienda mwandiko unaruka.

Tumepita Tura. Kwa misafara, hiki ndicho kilikuwa kijiji cha kwanza cha Unyamwezi ukitoka pwani, baada ya Mgunda Mkali, nyika isiyo na maji wala chakula inayoanzia Ugogo. Wapagazi wakifika Tura walijua wamefika nyumbani. Sisi tumesimama kidogo, mama mmoja kapandisha ndoo ya asali, konda kapandisha sauti, tukaondoka. Itigi, kisha Manyoni. Kilimatinde iko kusini kidogo, haionekani kutoka barabarani. Pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji imo katika njia ya kati ya pembe na watumwa ambayo Tanzania imeiweka kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Majengo, boma, makaburi. Nashangaa kama kuna aliyefikiri kuorodhesha mwendo.

Video za basi ni bongo fleva tupu, sauti juu. Mbele yangu mzee mmoja kajifunika koti kichwani.

Alhamisi, 20 Juni. Dar es Salaam

Mlimani, Maktaba ya Chuo Kikuu, sehemu ya East Africana. Unaacha begi, unaingia na penseli. Mhudumu alipoona kitambulisho changu kimetoka Tabora akatabasamu. "Unatokea Unyamwezi? Mimi Mzaramo. Karibu, mpagazi wangu, mzigo umetua wapi?" Nikamwambia mzigo nimekuja kuuchukua hapa, wao walikuwa wanautunza tu. Kuanzia hapo kila faili nililoomba lilikuja haraka. Utani huu umezaliwa na njia ileile, misafara ikishuka pwani na pwani ikipanda bara.

Karatasi za Hans Cory ziko hapa. Mtu wa Austria, jina lake la awali Koritschoner, akaja kuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, akafariki 1962. Sheria za kimila, jando, vinyago vya udongo, nyimbo: alikusanya kila alichokutana nacho, na mengi ni ya Usukuma na Unyamwezi. Kuhusu Waswezi, chama cha ibada ya mizimu, aliandika mwaka 1955 katika American Anthropologist. Kuhusu Wayeye, chama cha wakamata nyoka, aliandika mwaka 1946 katika jarida la Africa. Tazama mada zenyewe: vyama vya siri, ibada za kuingizwa. Kijana wa maktaba ya Tabora alikuwa sahihi, hapa ni 299 na 133.

Lakini ndani ya makala ya siri na dawa, ngoma imejaa. Myeye lazima amjue nyoka, aijue dawa yake, na acheze naye mbele ya watu. Hivyo vitatu havitenganishwi. Mtu anayekuja kuchukua dawa peke yake anaondoka na dawa isiyo na sababu, na mtu anayekuja kuchukua ngoma peke yake (kama tunavyofanya sisi siku za maonesho, dakika tano na kipaza sauti) anaondoka na watu wanaorukaruka na nyoka.

Kisha nikaletewa kitabu chake cha 1953 kuhusu michoro ya ukutani ya wakamata nyoka. Hapa nimekaa hadi walipotangaza kufunga. Wayeye walichora ndani ya nyumba zao za chama: nyoka, watu, viumbe wa hadithi zao, kwenye kuta za udongo ambazo mgeni hakupaswa kuziona. Cory alizinakili. Nimerudia picha moja mara nyingi. Nyoka amekatiza ukuta mzima, mwili wake umetiwa madoa moja moja kwa subira, na mtu aliye karibu yake ni mdogo, kama mchoraji alitaka aliyeingizwa ajue mapema ukubwa wa kila mmoja.

Huyu ndiye Zeami niliyekuwa nikimtafuta. Nilikuwa nikilalamika kwamba wachezaji wetu hawakushika kalamu. Hawa walikuwa na risala yao, ya siri, ya kufundishia wanaoingia, imeandikwa na wenyewe kwa ajili ya wenyewe. Tofauti ni kwamba Zeami aliandika kwenye karatasi na karatasi hukaa sandukuni karne tano. Ukuta wa udongo hauvuki masika mengi, na nyumba ya chama ikianguka hakuna anayenakili kurasa. Kilichosalia ni alichokinakili ofisa wa serikali, kwa sababu zake.

Namshukuru Cory, na bado simwamini sana. Yote mawili nayaandika.

Ijumaa, 21 Juni. Dar es Salaam

Nusu siku tu. Nimesoma Ranger, Dance and Society in Eastern Africa, 1975, kuhusu Beni: gwaride, tarumbeta, vyeo vya kubuni, Marini kwa wanaojiona wakubwa na Arinoti kwa wengine, ngoma iliyotoka pwani na kuenea bara na askari wa vita vya 1914 hadi 1918. Alivyoipata ndilo somo. Sehemu kubwa ya ushahidi wake ni majalada ya serikali, watawala wakiulizana kama hawa wanaocheza kwa bendera na vyeo wanapanga uasi. Woga wa polisi umetuhifadhia tarehe, mahali na hata majina ya vyeo, ambavyo upendo wa wamisionari haukutuhifadhia.

Hapa nakiri upendeleo wangu: faili la mtu anayekuogopa ni bora kuliko kitabu cha mtu anayekuhurumia. Anayeogopa huhesabu.

Mkanda wa redio ni jambo la siku nyingine. Redio Tanzania ilizunguka mikoani miaka mingi ikirekodi ngoma, na mikanda hiyo sasa iko chini ya TBC. Mzee Mwinamila na kundi lake la Hiyari ya Moyo kutoka Tabora yetu, ambaye babu humtaja kwa heshima, nilimsikia kwanza redioni. Ofisi moja niliyokwenda kuulizia habari za mikanda ya mikoani imenitaka barua kutoka ofisi nyingine, nayo hiyo nyingine imefungwa hadi Jumatatu. Basi langu ni Jumapili.

Jumanne, 25 Juni. Tabora

Baridi ya asubuhi, vumbi, koo linawasha. Nimefurahi kurudi.

Juzuu ya tatu ya Wilhelm Blohm, mmisionari wa Moravian, Die Nyamwezi, 1933, ni matini tupu kwa Kinyamwezi. Kijerumani changu ni cha kuombaomba, lakini Kinyamwezi nimekisoma kwa sauti jikoni na mama amekuwa akinirekebisha huku anapepeta mchele. Kwenye maneno mengine anasimama na kusema, "Hiyo alikuwa akisema bibi." Padre Bösch, Les Banyamwezi, 1930, ana mengi zaidi ya mila, nami nimempitia juujuu tu; kila ngoma kwake inaishia kwenye hukumu.

Hugh Tracey ndiye aliyenigeuza leo. Alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, akarekodi Wanyamwezi pia, pamoja na Wagogo, Wahaya, Wahehe na wengine. Hifadhi aliyoianzisha mwaka 1954, ILAM, iko Afrika Kusini kwenye mji uliokuwa ukiitwa Grahamstown, sasa Makhanda. Nyimbo zenyewe ni nzuri, ila kilichonishika ni kadi. Kila rekodi ina kadi yake: nani anaimba, wapi, lugha gani, chombo gani, wimbo wa nini, na kwa vyombo vingi ameandika hata vipimo vya sauti kama fundi anayepima mbao. Ana maneno ya kizee na ya kikoloni ndani yake, sawa. Lakini swali la babu, jina lake nani, kwenye kadi lina nafasi yake.

Frank Gunderson naye, katika kitabu chake kinene cha 2010 kuhusu nyimbo za kazi za Wasukuma, amefanya vivyo hivyo kwa upana zaidi: wapagazi, wakamata nyoka, wawindaji, wakulima wa jembe, wimbo kwa wimbo, na mtunzi akijulikana anatajwa. Wasukuma watani zetu wametutangulia. Babu hatafurahishwa na habari hiyo.

Nimekata maboksi ya viatu na kutengeneza kadi. Jina la mchezaji. Jina la aliyemfundisha. Kijiji. Chombo, na nani alikitengeneza. Wimbo unapigwa lini. Nani anaanza, nani anaitika. Mwendo: umekaa, umesimama, unatembea, una mzigo. Hiyo ya mwisho sidhani kama maktaba yoyote inayo.

Jumamosi, 29 Juni

Siku nzima Ng'ambo na kundi lote. Ukurasa wa usajili tuliumaliza kwa nusu saa. Ulitaka mwaka ngoma ilipoanza, wakabishana, mwishowe babu akasema andika reli ilikuwa haijafika, na mimi nikaweka "kabla ya 1912", mwaka ambao reli ya kati ilifika Tabora. Hakuna aliyepinga.

Kadi ndizo zilizotuchosha. Kwenye "aliyemfundisha" kila mtu alitaja mtu mmoja, kisha akakumbuka mwingine, kisha mama mmoja mpiga ngoma akasema kwamba aliyemfundisha hasa ni mumewe marehemu ambaye yeye mwenyewe alifundishwa na mkewe wa kwanza, kwa hiyo ngoma imetoka kwa mke mwenza ambaye hakuwahi kumwona. Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akanitazama kuhakikisha nimeliandika. Kadi yake imejaa pande zote mbili.

Babu amejibu yote, jina, kijiji, mjomba aliyemfundisha, mti uliotoa mpini wa manyanga, hadi nilipofika kwenye wimbo mmoja ambao vijana waliutaja kwa kunong'ona. Huo akakataa. Si wa uwanjani, ni wa ndani. Nikamwambia kuhusu Wajapani na risala iliyofungiwa kwa karne. Akasikiliza vizuri, akaniuliza ilifunguliwa na nani, mwenye ukoo au mgeni. Nikamwambia mwanahistoria. "Aliomba?" Sikuwa na jibu, nikamwambia nitatafuta.

Tumebishana hadi jua likashuka. Tukakubaliana kadi iwepo, iandikwe jina la wimbo na jina la anayeuongoza, na pengine pote paachwe patupu, na chini niongeze mstari mpya: ruhusa. Nikaongeza. Babu akachukua kalamu mkononi mwangu, akavaa miwani, akaandika mwenyewe majina ya vijana wawili, mmoja wao msichana, ambao anaona wanaweza kuanza kufundishwa mwakani.

Kadi zimeisha. Jumatatu shule zinafunguliwa. Nipitie stationeri asubuhi nikatoe nakala nyingine mia.